Siku Baruti Ilipopiga Kura

Ndugu zangu wa Kamembe hunicheka nikiwaambia kwamba huku Muganza, nilikoolewa, tuliwahi kutawaliwa na dini ya mshindo wa baruti. Wanasema natia chumvi. Ni kweli ulimi wangu hauna breki, hata marehemu baba yangu alikuwa akilalamika, lakini habari hii haihitaji chumvi wala ndimu. Ilitokea, nilikuwepo, na mwisho wake niliuona nikiwa nimesimama wima.

Nianze na mshindo wenyewe. Huku kwetu kuna kiwanda cha simenti, na nyuma ya kiwanda kuna mlima unaochimbwa mawe, sisi tunauita kariyeri. Siku za kazi, saa sita mchana, king'ora kinalia, wachimbaji wanajificha, kunakuwa kimya, halafu baruti inaupasua mlima. Ardhi inacheza. Masufuria yanagongana, mbwa wanaingia uvunguni, na vumbi jeupe linatua juu ya migomba, juu ya mpunga na juu ya vichwa vya watu. Nilipokuja bibi harusi, mara ya kwanza niliposikia, nilijitupa chini ya cherehani yangu nikasoma shahada. Soko zima lilicheka. Muuza ndizi aliyekaa jirani yangu, mama mmoja mnene mwenye roho safi, ndiye aliyenivuta mguu. "Maman, toka huko," aliniambia, "haiko mwisho wa dunia. Iko simenti tu." Baadaye nami nikazoea. King'ora kikilia unaweka mkasi chini, unaziba masikio, inapasuka, kisha unaendelea na umbea pale ulipoishia.

Aliyekuwa akipiga king'ora hicho ni mzee mmoja mrefu, mpole, ambaye hakuwahi kugombana na mtu. Kazi hiyo aliianza ujanani. Sasa fikiria: kila siku unabonyeza kitufe, na mlima unaanguka. Mtu akifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, akili inaweza kuhama kidogo bila yeye kujua. Siku moja jiwe liliruka kutoka kariyeri, likavuka ukingo, likamwangukia mbuzi aliyefungwa karibu na mguu wa mzee huyo. Mbuzi yule hakubaki hata wa kuliwa. Mzee alibaki amesimama, kofia kichwani, uso mweupe kwa vumbi. Mtu mwingine angemshukuru Mungu, akanywa soda, akaenda kulala. Yeye aliacha kazi akaanza kuhubiri.

Alihubiri kwamba Mungu aliumba dunia kwa mshindo mmoja, na tangu hapo hajasema neno lingine. Mshindo wa kariyeri ndiyo Sauti yake, na anayeziba masikio anamfungia Mungu mlango usoni. Waumini wake walipanda hadi ukingo wa shimo kila mchana, wakafungana mikono nyuma kwa vitambaa ili wasije wakashawishika kuipeleka masikioni, wakasubiri. Ikishapasuka walijipaka vumbi kwenye paji la uso. Wakikutana njiani mmoja alisema, "Sauti!" na mwenzake akajibu, "Ipasuke!" Siku ya kwanza kusikia salamu hiyo nilicheka hadi nikajichoma sindano.

"Debe tupu haliachi kuvuma," nilimwambia muuza ndizi. "Hawa kabla ya mavuno watakuwa wamechoka."

Yeye hakucheka. "Maman, weye unakaa ku soko. Panda kule ukaone bantu."

Nikapanda siku moja. Loo! Walikuwa wengi. Niliwaona wateja wangu, walimu, wapakiaji wa malori, wakulima waliotoka Rwimbogo na Gikundamvura kwa miguu. Nikaelewa jambo ambalo kicheko changu kilikuwa kimelificha. Nyumba za huku zina nyufa. Kwa miaka watu walikuwa wakilalamika kwamba mshindo unapasua kuta zao, na kila waliyemlalamikia aliwaambia warudi wiki ijayo. Mzee huyu alisema nyumba yenye ufa ni nyumba iliyotembelewa na Mungu, na ufa ukiwa mpana zaidi heshima inazidi. Mtu aliyekuwa akiona aibu kumkaribisha mgeni sebuleni sasa alimshika mkono akamwonesha ukuta wake kwa fahari. Simenti wanaitengeneza pale pale, na wao hawana ya kuziba ufa, basi wamepewa neno. Neno nalo ni kitu, tusidanganyane.

Wakubwa wa sekta, yaani tarafa yetu, walikuja kuuliza kanisa lenyewe liko wapi, lina choo, lina paa, lina kibali. Wakaoneshwa shimo na mbingu. Utafunga mbingu kwa kufuli gani? Wakarudi zao.

Halafu ikaja kura ya mudugudu. Kwa asiyejua: mudugudu ni kijiji chetu kidogo, na kiongozi wake hatumchagui kwa karatasi. Wagombea wanasimama mbele, na kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Mstari mrefu ndio unaoshinda. Ni kura ya haraka, haina gharama, lakini haina siri. Ukimwacha jirani yako ukasimama nyuma ya mwingine, ameshakuona, na jioni mtakutana kwenye bomba la maji. Watu wa Sauti walifika mapema wakasimama kama ukuta nyuma ya mzee wao. Waliobaki wakatazamana, wakakohoa, wakajiunga mmoja mmoja. Mwenyekiti wa zamani alibaki na mkewe na shemeji yake. Hivyo mpiga king'ora akawa mkubwa wetu.

Msimu uliofuata watu wake walichukua midugudu miwili ya jirani kwa njia ile ile, na katika kikao cha kagari, inayounganisha midugudu kadhaa, hakuna lililopita bila wao kutikisa kichwa. Ndipo mambo yakaanza. Soko likatakiwa kunyamaza saa sita. Anayeonekana ameziba masikio akasimamishwa mkutanoni aeleze ana ugomvi gani na Mungu. Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi ambayo tulizoea kuzibulia mitaro, ukageuzwa kuwa kazi ya kusawazisha uwanja wao kule ukingoni. Nilishika jembe nikalima pamoja na wengine, nikinung'unika kwa sauti ya kutosha kusikika. Bombani walitangulia wao, sisi tukafuata. Na kiongozi mwenyewe bado alikuwa mpole. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Hakupaza sauti hata mara moja, akikuonea anakuuliza hali ya watoto.

Waliniletea kazi pia. Walitaka kanzu za rangi ya vumbi kwa watu wazima, nikazishona, maana cherehani haina dini. Mara ya pili wakaja na kitambaa cha watoto. Mjumbe wao akaniambia makwapa yakazwe sana, mtoto asiweze kuinua mikono juu ya mabega. Niliuliza kwa nini. Akasema watoto bado ni wadhaifu, mikono inawakimbia.

"Hiyo ni nguo au ni kamba ya mbuzi?" nilimuuliza. "Toka hapa! Rudisha kitambaa chako kabla sijakutengenezea kofia ya kukuziba mdomo."

Kuanzia hapo wateja wakapungua. Mtu aliyeniachia sare ya mwanawe alikuja kuichukua haijashonwa hata kola. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la simenti na hukaa barabarani kuliko nyumbani, alinipigia simu kutoka Kigali akanisihi niteremshe sauti. "Bibi yangu, achana nao," alisema. Ni mtu wa amani sana. Nilimwambia amani yake aipakie kwenye lori pamoja na mifuko.

Sasa nimfikie mama mkwe wangu, maana yeye ndiye kiini cha mambo yote.

Mama mkwe alikulia Bukavu, Kongo, ng'ambo ya mto Rusizi, akarudi na kwaya kichwani. Alikuwa mwimbaji wa kwanza kanisani kwao kule. Aliporudi huku, kila kanisa lilikuwa na waimbaji wake vijana wenye vipaza sauti, hakuna aliyemhitaji. Mwanawe aliposilimu ili anioe, hakusema neno mwezi mzima. Lakini tulipozaa binti yetu, aligeuka mtu mwingine. Alihamia nyumba ya uani ili awe karibu naye. Alimchana nywele, alimtafunia muwa, alimwimbia nyimbo za Kimashi nisizozijua. Mimi aliniita "muislamu wangu", nami nilimwita "Maman wa kwaya", tukataniana vizuri jikoni huku akinionesha namna ya kupika sombe, yaani kisamvu, isiwe chungu. Nilimpenda. Sitaki mtu asome hapa akadhani vingine.

Mzee wa Sauti alimpa kile ambacho hakuna mwingine aliyempa. Alimweka aongoze wimbo kabla ya mshindo. Siku hiyo alirudi nyumbani amenyooka mgongo kama msichana.

Nami nilikuwa sokoni mchana, binti yetu akitoka shule anapita kwa bibi yake, ambaye yeye humwita Koko. Koko alipanda naye ukingoni. Hakunificha, alidhani ni baraka. Jioni moja nilimkuta mtoto amelala chali mkekani hataki chakula, nikamgeuza, nikaona damu iliyokauka imeshuka kutoka sikio la kushoto hadi shingoni. Nilimwita jina lake kwa upande ule. Hakugeuka.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wahenga hawakukosea. Nilimbeba mgongoni ingawa miguu yake ilishakuwa mirefu, nikaenda naye kituo cha afya. Muuguzi alimulika sikio, akaniambia ngozi ya ndani imechanika. "Inaweza kupona," alisema, "lakini akipigwa tena na mshindo wa karibu kabla haijafunga, sikio hilo limekwenda. Na la pili nalo limechoka." Akaniambia si yeye peke yake, wameshamletea wengine, na wazazi wanasema mtoto alianguka.

Nilirudi nikamwambia mama mkwe, na sauti yangu siku hiyo ilifika barabarani. Alisikiliza hadi mwisho. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Halafu akasema polepole, "Damu ni mulango unafunguka. Papa wetu wa Sauti ametuambia. Mutoto ataanza kusikia bitu bye sisi hatusikie."

"Mama, hasikii hata mimi!"

"Ngoja tu, muislamu wangu. Ngoja."

Mtu atauliza, kwa nini usimchukue mtoto ukarudi Kamembe kwa mama yako? Nilimchukua. Tulikaa siku chache. Mama yangu alinipikia pilau, akanisifu kwa kuondoka, lakini sahani niliirudisha nusu. Nilimfikiria muuguzi na wale watoto walioanguka. Tena nilikuwa nimesikia kwamba kiwanda kitafungua upande mpya wa mlima kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na mzee ametangaza sikukuu: watoto wote wa midugudu mitatu watasimamishwa mstari wa mbele. Akiwa kiongozi wa mudugudu angeweza kulifanya hilo liwe agizo, na asiyeleta mtoto wake ajieleze. Muda wake wa uongozi ulikuwa unakwisha, na kura nyingine ilikuwa inakuja kabla ya sikukuu. Hakuna aliyejitokeza kushindana naye.

Nikamwambia mama yangu, "Nakwenda kugombea."

Akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Wewe? Na mdomo huo?"

"Na mdomo huu huu."

Nilirudi Muganza na binti yangu, maana muuguzi alitaka kuliona sikio lake kila wiki, na mchana nikawa simwachi. Kampeni yangu ilikuwa sindano na uzi. Sikuita mkutano. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza kama kuna nguo iliyopasuka, na nikiwa napiga viraka nikauliza masikio ya watoto yanaendeleaje. Watu walifunga mlango kwanza, ndipo wakajibu. Mmoja alisema mwanawe anasikia nyuki siku nzima. Mwingine alisema yeye mwenyewe ameacha kusikia ndege. Nikawauliza, mtasimama nyuma yangu? Wakainamisha macho. "Maman, tunakupenda, lakini kusimama pale mbele ya bantu..." Walimaliza kwa kukohoa. Muuza ndizi peke yake ndiye aliyesema atasimama. Alisema yeye ni mnene, mstari wangu hautaonekana mfupi.

Mzee hakunikataza. Alipita mbele ya cherehani yangu, akanisalimu, akauliza binti anaendeleaje. Nikamwambia amuulize kwa upande wa kulia. Akatabasamu kwa huruma. Kisha, kwa kuwa ndiye kiongozi na ndiye anayepanga mahali, akatangaza kura itafanyika kwenye uwanja wao wa ukingoni, karibu na saa sita, na mistari ikae hivyo hadi Sauti ipite. Alisema Mungu mwenyewe atakuja kuhesabu watu wake. Msimamizi aliyetumwa na sekta alikuwa kijana mwenye haraka, aliona saa sita ni saa kama nyingine, akakubali.

Nadhani hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kawaida asingelifanya. Mtu wa siasa angekwepa mshindo, watu wasitawanyike. Lakini yeye aliamini kweli. Alitaka miili yetu itoe ushahidi.

Asubuhi ya kura nilimwacha binti yangu nyumbani kwa muuza ndizi, chini ya macho ya dada yake, masikio yamefungwa pamba na kilemba juu. Nikaenda uwanjani. Mama mkwe hakuwepo, nikashukuru. Tukasimama mimi na mzee, nyuso zetu zikielekea barabara, migongo ikielekea watu na kariyeri. Msimamizi akatusomea masharti. Mgombea anatazama mbele. Asiite mtu, asigeuke kuona nani yuko nyuma yake. Akigeuka, amejiondoa.

"Nimesikia," nikasema.

"Nimesikia," akasema mzee, kwa sauti ile ile ya upole.

Watu wakaanza kujipanga. Sikuwaona, niliwasikia. Upande wake miguu ilipita mingi, shwa-shwa-shwa kwenye changarawe. Upande wangu nilisikia pumzi nzito ya muuza ndizi, na harufu ya ndizi mbivu, basi. Baada yake viatu vya watu wachache. Mtu mmoja alikuja nyuma yangu, akasimama, akasitasita, akaondoka. Ile miguu iliyoondoka iliniuma kuliko tusi.

Ndipo nikaona barabarani, mbele yangu kabisa, mama mkwe akija na kanzu yake ya vumbi, amemshika binti yangu mkono. Kilemba hakipo. Pamba haipo. Baadaye nilielezwa kwamba alikwenda kwa dada wa muuza ndizi akasema bibi hazuiliwi mjukuu wake, na yule akaona aibu kumkatalia mama wa umri ule. Walinipita karibu kiasi kwamba ningeweza kunyoosha mkono. Binti yangu alinipungia. Mama mkwe hakunitazama, midomo yake ilikuwa ikiimba kimya kimya. Wakapita pembeni yangu wakaenda nyuma, upande wa mzee.

King'ora kikalia.

Wallahi, sijui nieleze vipi. Mwili wangu wote ulitaka kugeuka. Nikigeuka, nimemshika mwanangu leo, na siku ya sikukuu watoto wote watasimamishwa ukingoni kwa agizo, naye pia, na hakutakuwa na mtu wa kulikataa. Nisipogeuka, sikio lake linakwenda sasa hivi, nyuma ya mgongo wangu, na mimi nimesimama kama mlingoti. Machozi yalikuwa yananitoka, na hasira ilikuwa inanitoka, sikujua kipi ni kipi. Sikugeuka. Nilipiga kelele nikitazama barabara, kelele ambayo koo langu halijawahi kutoa:

"Mama! Mama wee! Ni mwanao huyo!"

Msimamizi akaniangalia, hakujua kama hiyo ni kuita mtu au ni kulia. Ikapasuka.

Ardhi ilipanda kwenye magoti yangu. Vumbi likatufunika, jeupe lote, sikuona hata mkono wangu, ambao nao ulikuwa umeshafika sikioni bila ruhusa yangu. Nikasikia vikohozi. Nikasikia mtu analia. Halafu nikasikia jambo ambalo sikulitegemea: mtu alicheka. Alikuwa mwanamume, kicheko cha aibu, kama cha mtu aliyekutwa anakula mchana wa Ramadhani. Akafuata mwingine.

Nilichosimuliwa na muuza ndizi, ambaye yeye hakukatazwa kugeuka, ni hiki. Waliokuwa wamefungwa mikono kwa vitambaa walikuwa wale wa mbele tu. Mstari mrefu wa nyuma, wale waliojiunga kwa kuogopa macho ya bombani, mikono yao ilikuwa huru, na mshindo ulipopiga, wote, kuanzia mwalimu hadi mpakiaji, waliziba masikio. Vumbi lilipoanza kutua kila mmoja alijikuta bado ameziba, akamtazama jirani yake, naye ameziba. Miaka yote walikuwa wakiogopana bure. Muuza ndizi anasema walionekana kama nyani mia wanaojitazama kwenye kioo. Hilo ni lake, mimi sikuona.

Miguu ikaanza kusikika. Safari hii ilikuwa inakuja kwangu. Kwanza michache, halafu mingi, changarawe ikilia, na vicheko, na mtu akisema, "Sogea, sogea, weye unakaa kama uko peke yako!" Nilitazama barabara. Nilikuwa bado sijui habari ya mwanangu, na ushindi wote uliokuwa ukijipanga nyuma yangu ningeutoa kwa jibu moja.

Kitu kikavuta kitenge changu kwa chini.

Sikugeuka, nilishusha mkono tu nikausogeza nyuma, nikashika nywele zilizojaa vumbi. Nikashika shavu. Nikaipapasa shingo upande wa kushoto nikitafuta umajimaji, vidole vikarudi vikavu.

"Mama," binti yangu alisema, kwa sauti kubwa kama wasemavyo wasiosikia vizuri, uwanja mzima ukasikia, "Koko amenifunika masikio. Amenifunika kwa mikono yake yote miwili. Ameacha ya kwake wazi."

Nyuma yake nilisikia mtu anavuta pumzi kwa shida, anajaribu kusema, sauti haiji. Mwimbaji wa Bukavu alikosa sauti. Kisha paji la uso likanigusa katikati ya mgongo, likabaki hapo.

"Minakosa, muislamu wangu," alisema hatimaye.

"Simama vizuri, Maman," nikamwambia, "unaharibu mstari."

Akacheka na kulia kwa pamoja. Nami vilevile.

Msimamizi alihesabu upande wa mzee haraka, haukuwa na kazi. Upande wangu alitembea hadi kwenye migomba, akarudi akafuta jasho. Aliponiambia naweza kugeuka, nilimtazama kwanza mzee. Alikuwa amesimama vile vile, mpole, vumbi limemkaa kwenye kope. Hakunitukana. Alinyoosha mkono akanipa, akauliza hali ya mtoto, na safari hii nilimjibu vizuri kwa sababu nilikuwa na jibu zuri. Wapo bado wanaopanda naye ukingoni, wachache, watu wazima, na mimi kama kiongozi siwakatazi. Shida yangu ilikuwa watoto.

Kisha nikageuka. Ee Mungu wangu! Mstari ulipita uwanja, ukazunguka rundo la mawe, ukaingia shambani. Watu walikuwa weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu, huwezi kumjua nani wa Sauti na nani si wa Sauti, wanacheka, wanapiga vigelegele, wanapiga simu kwa jamaa zao ng'ambo. Mume wangu naye alipigiwa, akasimamisha lori kando ya barabara, akapiga honi peke yake porini hadi polisi wakamfuata.

Mama mkwe aliinua wimbo. Sauti ilikuwa imerudi, kubwa, ya kwaya ya zamani, na watu wakaitikia. Aliimba vibaya, anapotea, anaingia juu ya waitikiaji, maana masikio yake mwenyewe yalikuwa bado yanalia na hakutusikia. Tulimfuata alikokwenda.